Baba Abate: Historia ya Neno la Cheo Kutoka Jangwa la Misri Hadi Songea

Utangulizi

Peramiho iko takriban kilomita 24 kutoka mji wa Songea, upande wa magharibi. Monasteri ya Wabenediktini iliyoko hapo huongozwa na mtu ambaye waumini humwita Baba Abate. Kwa sikio la mzungumzaji wa kawaida wa Kiswahili, wito huo hauna kasoro yoyote: baba ni neno la heshima, na abate ni jina la cheo. Hata hivyo, mwenye kufuatilia asili ya maneno hukutana na jambo la kushangaza, kwa kuwa neno abate, likirudishwa hadi chimbuko lake, maana yake ni baba. Anayesema Baba Abate amesema baba mara mbili. Ndivyo ilivyo pia kwa anayesema Baba Padre, kwani padre nalo, katika asili yake, ni baba.

Je, urudufu huu ni kosa la watu wasiojua asili ya maneno wanayoyatumia? Makala haya yanajibu kwamba si kosa. Tunatetea hoja mbili. Ya kwanza ni ya kihistoria: umbo la neno abate, pamoja na maumbo ya maneno mengine ya jamii yake, linaonesha kwamba msamiati wa vyeo vya Kikristo haukufuata njia fupi kutoka lugha ya wamisionari hadi lugha ya waumini. Ya pili ni ya kimaana: neno hili lilianza kama jina la uhusiano, likageuka kuwa jina la ofisi, na waumini wa Songea, kwa kulitanguliza neno baba, wameurudisha uhusiano uliokuwa umepotea njiani. Ushahidi wa hoja ya pili umo ndani ya sarufi ya Kiswahili yenyewe.

Chimbuko: kutoka Kiaramu hadi Kilatini

Asili ya neno abate ni Kiaramu abba, yaani baba. Agano Jipya limelihifadhi neno hili katika mahali patatu: Marko 14:36, Warumi 8:15 na Wagalatia 4:6. Katika kila mahali, mwandishi wa Kigiriki ameliacha neno la Kiaramu kama lilivyo, kisha akaweka tafsiri yake kando. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 imefuata mtindo huohuo, hata msomaji akakuta Aba na Baba yameandikwa bega kwa bega. Kwa hiyo urudufu tunaouchunguza una umri mkubwa kuliko Kiswahili cha Kikristo.

Palikuwa na wakati ambapo wataalamu walipenda kusema kwamba abba lilikuwa neno la mtoto mchanga. Dai hilo huhusishwa hasa na maandishi ya Joachim Jeremias, na lilipingwa kwa nguvu na James Barr katika makala yake ya mwaka 1988, aliyeonesha kwamba watu wazima pia walilitumia kwa baba zao. Mzungumzaji wa Kiswahili hapati shida kuuelewa ubishi huu. Neno baba hutamkwa na mtoto anayejifunza kusema, na hutamkwa na mzee wa miaka 60 anapomtaja aliyemzaa.

Mshabaha huu unaweza kumvuta mtafiti afikiri kwamba abba na baba ni neno moja. Tahadhari inahitajika. Baba limeenea katika lugha nyingi za Kibantu bila kupitia Kiaramu, na maneno ya aina hii hufanana katika lugha zisizo na undugu wowote. Roman Jakobson, katika insha yake ya mwaka 1960 kuhusu majina ya mama na baba, alieleza kwamba kufanana huko kunatokana na sauti zilizo nyepesi kwa kinywa cha mtoto, hususan sauti za midomo pamoja na irabu a.

Undugu wa kweli wa abate unapatikana kwingine. Kiaramu ni lugha ya Kisemiti, na mzizi wake wa neno baba ndio uliomo katika Kiarabu ab na abu. Mzizi huo ulikuwa umeingia katika Kiswahili karne nyingi kabla ya Wabenediktini, kupitia majina kama Abubakari na kupitia hadithi za Abunuwasi. Ethiopia nako, mkuu wa kanisa aliitwa Abuna, yaani baba yetu. Hivyo, Mwislamu wa Songea aitwaye Abubakari na abate wa Peramiho wamebeba mzizi mmoja katika majina yao, ingawa uliwafikia kwa njia mbili tofauti kabisa.

Matumizi ya abba kama jina la heshima kwa mtawa yalikua barani Afrika. Katika jangwa la Misri, kuanzia karne ya 4, wanaume walioishi maisha ya upweke na sala waliitwa abba na wale waliowaendea kuomba neno la kuwaongoza. Ndivyo tunavyozisoma habari za Abba Antoni na za Abba Musa Mwethiopia. Abba wa jangwani hakuwa na ofisi wala hakupigiwa kura. Aliitwa hivyo kwa sababu mtu fulani alikuja mbele yake kama mwana. Jina lilitegemea uhusiano, na uhusiano ulitangulia jina.

Yohane Kasiano, aliyeishi miongoni mwa watawa wa Misri, aliyapeleka mafundisho yao katika nchi za Kilatini mwanzoni mwa karne ya 5. Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni yake katika karne ya 6, aliagiza maandishi ya Kasiano yasomwe na wamonaki wake. Katika Kanuni hiyo abbas amekwisha kuwa kiongozi wa monasteri, mwenye kuchaguliwa na mwenye mamlaka. Hata hivyo Benedikto hakusahau maana ya neno. Sura ya 2 inamkumbusha abate kwamba anashika nafasi ya Kristo na kwamba jina lake linatoka katika wito ule wa Waraka kwa Warumi. Sura ya 63 inaagiza aitwe bwana na abate, si kwa kujikweza kwake mwenyewe, bali kwa heshima ya Kristo. Yaani, mwandishi wa Kanuni aliona kwamba cheo kinaweza kulimeza jina, akaweka ulinzi.

Ushahidi wa umbo: neno lilipitia wapi?

Wabenediktini waliofika Songea walitoka Ujerumani. Shirika lao, lililoanzishwa mwaka 1884 na Andreas Amrhein, lilihamia Sankt Ottilien, Bavaria, mwaka 1887. Mwaka 1888 walianza kazi Pugu, karibu na Dar es Salaam, na mwaka 1898 Padre Cassian Spiss alianzisha misheni ya Peramiho. Mtu angetarajia kwamba majina ya vyeo vyao yangekuwa ya Kijerumani. Tuyapime maumbo yenyewe.

Kwa Kijerumani, abate huitwa Abt, neno la silabi moja. Kwa Kifaransa ni abbé, kwa Kireno abade, kwa Kiingereza abbot. Umbo la Kiswahili lina konsonanti t, lina irabu e mwishoni, na mkazo wake uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Konsonanti t inaliondoa neno la Kireno. Irabu ya mwisho na idadi ya silabi zinaondoa Kijerumani na Kiingereza. Kifaransa hakina t kabisa. Kinachobaki ni Kilatini, ambamo shina la neno katika hali zisizo za kiima ni abbat-, pamoja na Kiitaliano abate. Neno abasia, ambalo ni jina la monasteri inayoongozwa na abate, linathibitisha jambo hilohilo: liko karibu na Kilatini abbatia kama kinavyotamkwa kanisani na Kiitaliano abbazia, na liko mbali na Kijerumani Abtei. Kwa maneno mengine, Wajerumani hawa walipohitaji jina la mkuu wao katika Kiswahili, hawakuchukua neno la nyumbani kwao. Walichukua neno la altare.

Padre lina historia nyingine. Kijerumani husema Pater, Kifaransa Père. Umbo padre ni la Kireno. Wareno walikuwapo katika pwani yetu tangu mwaka 1498, na watawa wa Mtakatifu Augustino walikuwa na nyumba Mombasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 16, hadi Wareno walipoipoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698. Kutoka zama hizo Kiswahili kina meza na leso, na pia gereza, neno ambalo wanaisimu wengi wanalihusisha na Kireno igreja, yaani kanisa. Waingereza nao walilichukua neno padre kutoka kwa Wareno huko Bara Hindi, wakalitumia kwa makasisi wao. Ndiyo sababu Waanglikana wa misheni ya Vyuo Vikuu, walioanza kazi Unguja mwaka 1864 na baadaye wakaenea hadi pwani ya Ziwa Nyasa, sehemu za Liuli ambazo leo zimo katika mkoa wa Ruvuma, walilitumia neno hilo bila kujali tofauti zao na Wakatoliki. Makamusi yetu yamehifadhi maumbo mawili, padre na padri.

Kando ya padre lipo kasisi, kutoka Kiarabu qissis, linalotajwa ndani ya Kurani katika Sura ya Al-Maida, aya ya 82. Kiarabu kililipata kutoka Kisiria, ambamo maana yake ni mzee. Shehe nalo, katika Kiarabu, lina maana hiyohiyo ya mzee. Askofu lilianza kwa Wagiriki kama jina la mwangalizi, likapita katika Kiarabu kabla ya kufika pwani. Kwa hiyo mtu aliyekuwa abate na askofu kwa wakati mmoja, kama tutakavyoona hivi punde, alibeba Kiaramu kilichozunguka kwa njia ya Roma na Kigiriki kilichozunguka kwa njia ya Uarabuni.

Kijerumani hakikukosa alama kabisa. Neno bruda, linalotumika kwa mtawa wa kiume asiye padre, halitoki katika Kiingereza, kwani Kiingereza kimetupa braza la mitaani. Irabu u na konsonanti d zinaelekea kwenye Kijerumani Bruder. Tunaweza kuona mantiki yake. Cheo cha padre kilihubiriwa na kuandikwa, hivyo kilikuwa kimepata jina katika pwani kabla ya misheni ya kusini kuanza. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Unguja tangu mwaka 1863 na Bagamoyo tangu 1868. Mabruda walikuwa maseremala, waashi na wahunzi, na jina lao lilisikika katika karakana, likitamkwa na wenzao siku nzima. Hapo ndipo neno la nyumbani lilipopenya.

Cheo na mamlaka katika Songea

Historia ya umbo haitoshi. Jina la cheo hupata maana yake katika nchi linamotumika, na Songea majina haya yalifika pamoja na utawala wa Kijerumani. Ungoni ulikuwa na vyeo vyake, vilivyotoka kusini pamoja na Wangoni wenyewe: nkosi kwa mtawala, nduna kwa mkuu wa jeshi na wa eneo. Vita vya Majimaji vilipofika Ungoni mwaka 1905, misheni ya Peramiho ilichomwa moto. Tarehe 14 Agosti mwaka huo, Cassian Spiss, aliyekuwa askofu tangu 1902, aliuawa Mikukuyumbu, katika eneo la Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili.

Tarehe 27 Februari 1906, Nkosi Mputa Gama na viongozi wengine wa Wangoni walinyongwa mjini Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unalibeba jina lake, naye alinyongwa. Kabla ya kunyongwa, wengi wa waliohukumiwa walibatizwa na Padre Johannes Häfliger. Songea huikumbuka siku hiyo kila mwaka, na kaburi la pamoja liko karibu na Makumbusho ya Majimaji.

Tukio hili lina uzito kwa mada yetu. Jina lenye maana ya baba lilisimama karibu na kitanzi. Laiti jina hilo lingetafsiriwa kuwa baba mbele ya watu wa Ungoni mwaka 1906, lingekuwa dai zito mno, pengine lisilovumilika. Lakini halikutafsiriwa. Padre lilikuwa neno lisilopenyeka: lilitaja aina ya mtu, halikumwambia msikilizaji kwamba mtu huyo ni mzazi wake. Hapa kuna funzo la jumla kuhusu ukopaji wa maneno. Neno la mkopo huweza kufaa kwa cheo kwa sababu halidai chochote moyoni mwa msikilizaji. Huacha nafasi, na nafasi hiyo hujazwa au haijazwi kadiri uhusiano unavyokua.

Neno abate lilipata uzito wake wa pekee katika karne ya 20. Mwaka 1927 eneo la misheni la Lindi lilipewa hadhi ya abasia yenye jimbo lake, na mwaka 1931 likagawanywa kati ya Peramiho na Ndanda. Kuanzia hapo abate wa Peramiho hakuwa mkuu wa wamonaki pekee. Alikuwa na mamlaka juu ya parokia, shule na waumini wa nchi nzima iliyozunguka monasteri. Gallus Steiger, na baada yake Eberhard Spiess, walikuwa maabate na maaskofu kwa pamoja. Kwa Mkristo wa Songea wa miaka ya 1940, maana ya abate ilikuwa mkuu wa kanisa lote analolijua. Maana hiyo ilikuwa pana kuliko ile ya Kanuni ya Benedikto, na pana kuliko ile anayoijua Mkatoliki wa sehemu nyingi za dunia.

Mwaka 1969 jimbo la Songea liliundwa, na James Komba akawa askofu wake wa kwanza. Abate alibaki Peramiho na wamonaki wake. Parokia zikawa chini ya askofu Mwafrika mjini Songea. Mwaka 1987 Songea ikawa jimbo kuu. Kwa mwanaisimu, haya ni mabadiliko ya maana yenye tarehe kamili, jambo lisilo la kawaida: neno abate lilifinyika mwaka 1969 na kurudi karibu na maana yake ya kale. Monasteri ya Hanga, iliyoanzishwa mwaka 1957 kwa ajili ya wamonaki Waafrika, ilipandishwa kuwa abasia mwaka 1994, na tangu hapo nchi ya Songea imekuwa na maabate wawili. Umbo la wingi limepata kazi ya kila siku.

Ushahidi wa sarufi

Umbo hilo la wingi linatufikisha kwenye hoja yetu ya pili. Kiswahili huyaweka majina mengi ya vyeo ya kukopwa katika kundi lenye kiambishi ma- katika wingi: mapadre, maaskofu, makasisi, mashehe, mawaziri. Abate limeingia humohumo. Upatanisho wake ni wa viumbe: abate amefika, maabate wamefika. Kivumishi cha umilikishi nacho hufuata: abate wetu, padre wetu, maabate wetu.

Maneno ya ukoo hayafuati kanuni hiyo. Hatusemi baba wetu. Tunasema baba yetu, na katika wingi baba zetu. Ndivyo ilivyo kwa mama yangu, kaka yangu na dada zangu. Sarufi ya Kiswahili imeweka mpaka kati ya mtu mwenye cheo na mtu wa ukoo, na mpaka huo unapita katikati ya wito tunaouchunguza. Muumini anaposema abate wetu ametaja ofisi. Anaposema baba yetu abate ameingia katika upatanisho wa ukoo. Maneno mawili yenye maana moja katika asili yanafanya kazi mbili tofauti katika sentensi moja, na kwa sababu hiyo urudufu ni wa asili tu. Katika matumizi haupo.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Wako Wakristo wanaolisoma agizo la Mathayo 23:9, la kutomwita mtu yeyote duniani baba, kuwa ni katazo la majina haya yote. Makanisa ya Kilutheri ya Tanzania humwita kiongozi wao mchungaji, neno lililoundwa ndani ya Kiswahili kutokana na kitenzi kuchunga. Chaguo hilo linaonesha kwamba Kiswahili kingeweza kuunda majina ya vyeo kutokana na mali yake, kama kilivyounda mtawa kutokana na kutawa. Lakini pingamizi lenyewe linathibitisha hoja yetu. Linaelekezwa kwa neno baba zaidi kuliko kwa abate, ingawa maana za asili ni moja. Hata mpinzani husikia kwamba ni baba, wala si abate, linalodai uhusiano.

Hitimisho

Tumeona kwamba abate si neno lililoletwa na Wajerumani kutoka katika lugha yao. Lilitoka Kiaramu, likapata maana ya kitawa katika jangwa la Misri, likavuka bahari hadi Roma, na likarudi Afrika likiwa limevaa umbo la Kilatini. Katika safari hiyo lilipoteza sehemu ya kwanza ya maana yake. Abba wa Misri aliitwa hivyo na aliyemwendea. Abate wa karne za baadaye aliitwa hivyo kwa sababu alichaguliwa.

Wazungumzaji wa Kiswahili wa Songea hawakuhitaji kujua historia hii ili kuirekebisha. Walipokea jina la ofisi kama lilivyo, wakaliweka katika ngeli inayolifaa, kisha, pale walipomkubali mwenye ofisi, wakalitanguliza neno la nyumbani kwao. Kamusi inayofafanua abate kuwa mkuu wa monasteri imesema kweli kuhusu neno. Ili kusema kweli kuhusu matumizi, itapaswa iongeze mfano mmoja, na mfano huo uwe baba yetu abate, kwa kiambishi cha ukoo.